Fundi Bomba Aelezwa Ini Lake

Daktari Nasambu alichora juu ya bahasha ya eksirei:
tumbo, duara; utumbo, mistari miwili ya haraka.
Nikamwomba kalamu.
Bomba halipindi hivyo, daktari. Mimi ni fundi,
miaka kumi na tisa Kisumu hii, Migosi hadi Nyalenda,
najua maji yanavyokataa kona.

Akacheka. Basi weka hapa kiungo cha wai.
Nikaweka.

Wakati huo nilikuwa kilo mia moja hamsini na tatu.
Nilikwama chini ya sinki la mama mmoja Milimani,
akaita askari wa geti anivute miguu.
Na picha ya ini langu ilikuwa nyeupe,
ikimeta kama tumbo la mbuta.
Sijaonja pombe tangu nizaliwe. Hakuna jirani aliyeamini.

Nyongo yenyewe hatuigusi, akasema.
Chakula kitapita huku, mkato;
nyongo itateremka kule, bomba tupu, peke yake,
vikutane chini
kama ndugu waliokosana wakipatanishwa jioni.
Na utumbo wa mwisho, ukionja uchungu mwingi hivyo,
hutuma habari juu kwa ini:
punguza mafuta, punguza sukari, imetosha.
Kwa nini hasa? Bado tunasoma, akasema.
Kwa neno hilo nilimwamini, nikatia sahihi.

Jambo likiharibika husemwa limetumbukia nyongo.
Langu lilitumbukia,
likapona palepale lilipotumbukia.

Mama alikuja kutoka Ugenya na kuku mzima.
Nilikula vijiko vitatu. Akafunika sahani, akatoka nje.
Hilo lilinikata maini, na hakuna mashine pale hospitali
ya kuonyesha palipokatika.

Mwezi wa nane, picha nyingine:
ini limerudia rangi yake, kijivu cha wingu la mvua.
Ila kuna kijiwe kwenye mfuko wa nyongo, punje ya mtama.
Kukonda mbio huzaa hayo. Tunakichunga.

Jana niliingia chini ya sinki lilelile Milimani.
Kazi ilikuwa ya dakika kumi.
Nikabaki, mgongo kwenye vigae, spana kifuani,
nikisikiliza maji ya ghorofani
yakija kwa njia ndefu.