Haikupiga Hodi

Nilidhani ni punda.
Punda wa Bwanadi, mwenye mazoea ya kujikuna
kwenye kona ya nyumba yetu akiwa na shehena ya mawe.
Watu wa Malindi waliweza kusema, "Limepita lori."
Sisi huku Lamu, mtaa wa Mkomani,
hatuna lori la kusingizia.

Kisha vibakuli vikaanza kusemezana
ndani ya zidaka, kimoja kikimwambukiza mwenzake,
kama meno ya mtoto mwenye homa.
Taa ikayumba bila upepo.
Nilikuwa nadarizi kofia, tundu la mia na kitu,
sindano ikanizamia kidoleni,
hapo ndipo nilipoamini.

Sekunde kumi na mbili, ilisema redio.
Mimi sikuhesabu. Nilitamka shahada, nikaikosea.

Moto nimeuona. Makuti ya Langoni yalipoungua
ulitupa muda: kwanza harufu, kisha cheche,
kisha kelele za kina mama na ndoo.
Tuliokoa cherahani, msahafu, godoro moja,
tukapata hata nafasi ya kugombana nini kitangulie.
Mafuriko yalinikuta Garsen kwa dada yangu.
Mto ulituma salamu siku mbili kabla:
mbuzi waliovimba, mlango, sufuria ikielea
kama iliyokodi chombo.
Ukame ndio mstaarabu wao.
Hukaa barazani miezi, akipandisha unga shilingi kwa shilingi,
mpaka umzoee kama mdai.
Hata bahari, siku ile iliporudi nyuma mchana kweupe,
watoto wakakimbilia samaki waliosahauliwa mchangani,
hata yeye alivuta pumzi kwanza.

Hili halikupiga hodi.
Wala halikuja kutoka mahali, na hilo ndilo linaloniudhi.
Moto utaukimbilia majini, maji utayapandia ghorofani.
Ardhi utaikimbia kwa mguu gani,
na mguu wenyewe umeikanyaga?

"Ni nini hini?" Shekuwe akapiga ukelele upande wa pili wa ukuta.
Miaka sita hatusemezani, mimi na Shekuwe,
kwa ajili ya bomba la maji machafu
na neno alilolisema mbele ya wageni wa arusi.
"Toka nje!" nikamjibu.
Miaka sita, na hilo ndilo lililonitoka.

Kichochoroni mtaa mzima ulikuwa ulivyo:
Bwana Famau na taulo,
mwalimu Tora amekumbatia kitufe cha televisheni
kama kichanga. Mimi na kofia yangu, na damu.
Shekuwe kichwa wazi, akijificha nyuma ya mikono yake.
Leso yangu ilikuwa moja. Tukajifunika sote wawili.
Ndipo punda wa Bwanadi akalia,
baada ya yote kwisha.
Tukacheka vibaya, kama watu waliocheka matangani.

Asubuhi tukahesabu hasara: kibakuli kimoja cha buluu
na ufa, toka boriti hadi sakafuni, upana wa ukucha.
Kwa wengine, tumeona kwenye habari,
miji mizima imelala kifudifudi.
Naona haya kuuita wetu msiba.

Lakini ukuta huu una shubiri tatu za matumbawe na chokaa,
na sasa Ijumaa nanusa udi wake.
Nasikia anavyokohoa saa nane za usiku,
kikohozi kirefu, cha mtu asiye na wa kumpa maji.
Fundi Lali amekuja kuuziba mara mbili.
Mara ya kwanza nilimwambia angoje mvua zipite.
Mara ya pili ni Shekuwe aliyemrudisha.
Nilimsikia, ufa ukiwa shahidi:
"Kamalize kisima cha msikiti kwanza."

Na bado, kabla ya kulala, nateremsha mkono kitandani,
naweka kiganja sakafuni
kama ninayepima homa ya mgonjwa.
Baridi. Kimya. Imetulia kama iliyokula yamini.
Siiamini.