Rafu Isiyokuwapo

Mwaka jana, Vahan, ukiwa na miaka mitatu,
nilihamisha aprikoti zilizokaushwa
toka kopo la buluu hadi mtungi wa udongo,
bibi yako yuko uani anakung'uta zulia.
Nikakuuliza: Akiingia, atazitafuta wapi?
Ukaonyesha mtungi, bila kusita.
Kichwani mwako palikuwa na Gyumri moja tu
na sote tuliishi humo.

Mwaka huu nikakuuliza tena.
Ukalikodolea macho kopo tupu,
ukacheka, kiganja mdomoni,
kijizi kilichogundua kuwa ukuta una upande wa pili.
Nilifurahi. Niliogopa pia kidogo:
sasa utaweza kunidanganya.

Leo theluji imefunga mlango
na bibi Shushanik ameamkia mwaka mwingine.
Anapapasa ukuta mtupu kando ya jiko,
anatafuta rafu ya nyumba iliyoporomoka
mimi sijaolewa humu.
Baba yako akaitazama supu yake.
Mimi nikaanza: Mama, hapo hakuna

lakini wewe ulishapanda kiti.
Ukalishika kopo kwa mikono miwili,
ukaliinua, ukaliinua tena kidogo,
pale vidole vyake vilipokuwa vinaelekea,
ukakaza viwiko, ukatulia kama ubao.

Akatwaa moja. Hakuangalia chini.
"Nani kazisogeza nyuma hivi," akanung'unika,
akitafuna polepole,
na mikono yako, inayotetemeka,
bado iko juu.