Habari Iliyochanika

Jumamosi sinyoi ndevu.
Saa yangu inabaki mezani, kifudifudi,
na mimi nafuata vumbi la mbuzi hadi mnadani Msalato,
ndara miguuni, mfuko wa sandarusi mkononi,
nyuma ya jirani yangu Sechelela, anayetangulia
kwa sababu, asema, mtu wa wizarani
hajui kutofautisha mbuzi mnene
na mbuzi aliyelambishwa chumvi akabugia maji.

Upepo wa Septemba hauna adabu.
Umeingia kwenye chai, kwenye masikio,
kwenye kipaza sauti cha muuza dawa ya panya.
Nilipohamishiwa huku, mwaka wa sita sasa,
nililalamika kwa barua mbili.
Ya tatu niliianza tu.
Zabibu zilikuwa zimeiva.

Nyama nusu kilo, ya mbavuni.
Malogo anaikatakata juu ya gogo lililoliwa katikati na kisu,
ndimu, pilipili, chumvi ya Bahi (anaapa),
kisha anaimwaga juu ya gazeti la wiki tatu nyuma.
Ugali ni wa uwele.
Mlenda unavutika toka bakulini hadi kidevuni
kama maongezi ya wakwe,
hauna pa kukatikia.

Hapo ndipo ninaposomea habari.
Dunia yote hunifikia Msalato ikiwa na mafuta.
Timu yangu imefungwa, mabao hayasomeki.
Bei ya alizeti imepanda, au imeshuka,
mfupa umekalia neno lenyewe.
Na chini kabisa, safu nyembamba ya mahakamani:
mzee mmoja, jina limelowa,
kashtakiwa kuiba kengele ya shule.
Hakimu akamuuliza, kengele ya nini nyumbani kwako?
Mshtakiwa akasimama, akakohoa, akasema

na hapo gazeti limechanika.

"Akasema nini?" Malogo, kisu hewani.
Nikageuza. Upande wa pili, tangazo la magodoro.

Benchi zima likaacha kutafuna.
Alisema mkewe ni kiziwi, akasema dereva wa lori,
bila kengele ile haji kula.
Alisema shule haina mwalimu, akasema binti wa maji ya chupa,
ilikuwa inalia bure.
Sechelela akafuta vidole, taratibu, kimoja kimoja.
"Alisema, nilisoma siku mbili tu maishani.
Nataka kuitwa tena."

Mzee Chibago, mwenye zeze la nyuzi mbili,
aliyekuwa tangu asubuhi akikwaruza kitu kisicho kichwa wala mkia,
akakaza uzi, akatema mate pembeni,
akaanza.
Kigogo changu ni cha sokoni, nadaka neno moja kati ya matano.
Lakini wanawake wawili waliokuja kununua sufuria
waliitikia kwa mabega kwanza, midomo baadaye,
sauti juu, sauti chini, zinapishana bila kugusana,
na yule wa dawa ya panya
akazima kipaza sauti chake mwenyewe.

Tulirudi mawe ya Mlimwa yakirudisha joto la mchana.
Mbuzi hatukununua.
Sechelela alikuta wote wamelambishwa chumvi.

Jumapili, baada ya misa,
kinyozi wangu wa Chang'ombe akaniinamisha kichwa:
"Umesikia ya yule mzee wa kengele?
Hakimu kalia machozi. Kamfutia kesi,
kaamuru aandikishwe shule, darasa la pili."
Nani kasema?
"Si limo gazetini," akasema, akipuliza nywele shingoni mwangu.

Kile kipande nilikuwa nacho mfukoni,
kimekauka, kinanukia ndimu.
Mkono ulishaingia kukitoa.
Ukakaa humo humo.

"Darasa la pili?" nikauliza.

"La tatu," akadakia kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake.
"Mimi nimesikia la tatu."