Upande wa Alhamisi

Saa tisa usiku, Makuburi,
Chausiku anafunua chemba,
anapachika ufunguo mrefu wa T,
anahesabu mizunguko: kumi na minne.
Wa kumi na tano ulishawahi kupasua bomba
mbele ya duka la dawa.

Ulimi wa chuma unapanda, koo linaachia.
Kwanza upepo; mabomba yanakohoa.
Halafu kutu.
Halafu maji.

Taratibu, anauambia mkono.
Maji ukiyashtua hupiga nyundo.

Mlimani mtu anagombana na ndoo gizani.
Chemba ya pili anafunga, ulimi unashuka,
na bondeni mtu anabaki na povu usoni,
anamtukana asiyemjua.

Kwake Chausiku ni bondeni,
upande wa Alhamisi.
Leo Jumanne.
Anafunika, anafuta mikono kwenye khanga.