Bei Elekezi

Karatasi ya bei niliibandika mwenyewe,
mkaguzi akinisimamia, kalamu sikioni.
Insulini: isizidi hapa. Muhuri, tarehe.
Akamaliza soda yangu, akashika njia ya Kiborloni.

Wiki ya pili msambazaji hakuja.
Kwenye simu: "Dada Aikande, kwa bei hiyo
hata mafuta ya gari hayarudi."
Friji likabaki linaunguruma bure,
likipooza mtindi wa mwanangu.

Pale Mbuyuni ndizi zikipanda
mtu husonya, hurudi nyumbani na magimbi.
Soko hilo nalijua, limenisomesha,
mkungu kwa mkungu, kichwani mwa mama.
Lakini Ndetaramo wa Pasua,
miaka kumi na minne, sukari ishirini na sita,
akisonya, aende akanunue nini?

Zahanati wamemgongea muhuri: HAKUNA.
Kadi ya bima anayo. Baba yake ameitia nailoni
isilowe.

Usiku kijana akabisha mlango wa nyuma,
chupa sita ndani ya kopo la barafu.
Sikuuliza zimetoka wapi.
Bei yake, karatasi ya ukutani mara mbili.
Nikanunua.
Asubuhi nikamuuzia baba kwa bei niliyonunulia,
na elfu moja juu.

Pango nalilipa, umeme naulipa,
ile elfu moja naweza kuieleza kwa yeyote.
Ila alipoitoa ilikuwa ya sarafu,
akaihesabu mara mbili.

Mkaguzi anarudi Jumatatu.
Karatasi yake nimeipangusa vumbi.