Kombora la Mpingo

Mwaka ule makombora ya mazoezi hayakufika Nachingwea.
Mzinga ulifika, peke yake, umefunikwa turubai
kama mgonjwa aliyerudishwa kutoka Ndanda bila dawa.

Sajenti Nakajumo akauzunguka mara mbili, akatema mate.
"Nani hapa baba yake anachonga?"
Likwembe akainua mkono nusu,
kama mtu anayekiri deni.

Akapewa gogo la mpingo. Siku nne, patasi na tupa.
Akalitoboa tumbo, akalijaza nati na vipande vya reli iliyong'olewa
mpaka mizani ya ghala la korosho iliposema
kilo ishirini na mbili.
Alitaka kulichongea uso.
"Thubutu uone," alisema Sajenti.

Tukaanza.
Chitanda kamba, Mmuka gurudumu, mimi mpakizi,
saba wote, na jembe la mzinga limejichimbia nyuma yetu
katika udongo uleule mwekundu
uliowashinda Wazungu na karanga zao.

"Pakia!"
Nasukuma kwa ngumi, vidole nimevikunja.
Kidole kilichonyooka, Sajenti alitufunza, ni mali ya komeo.
"Fyatua!"
Chitanda anavuta.
Tik.
Basi. Njiwa hata hawaruki.
"Pakua! Upya!"

Alfajiri tik. Jua la utosi tik.
Usiku bila taa, kwa kupapasa, tik.
Wanawake waliokwenda kuokota korosho wakatupa jina:
Jeshi la Tik.
Sekunde kumi na tisa. Kumi na nne.
Siku Likwembe alipojikwaa, ishirini na sita,
na jioni ile tulilipokezana begani mpaka Naipanga na kurudi,
tukimtukana Likwembe, tukimtukana na baba yake
na ule mti ulioota.

Mwezi wa tatu sikuhitaji tena kuwatazama wenzangu.
Kikohozi cha Chitanda kilitangulia kamba.
Goti la Mmuka lilialika kabla gurudumu halijageuka.
Tulikuwa mtu mmoja, mikono kumi na minne,
na hasira moja, nayo ilikuwa ya Sajenti.

Kisha yakaja yenyewe. Masanduku manne, yananuka grisi.
Nikalibeba la kwanza.
Uzito uleule. Lakini baridi,
halikukijua kiganja changu.
"Fyatua!"

Sitaeleza. Liulize sikio langu la kushoto,
ila simama karibu, na usitegemee jibu.
Lile pipa jeupe tulilolilenga miezi mitatu
halikuwepo, wala mahali pake.
Hakuna aliyeshangilia.
Chitanda alibaki ameishika kamba
kama mtoto aliyekatikiwa na mbuzi.

Likwembe peke yake aligeuka,
akaliokota la mpingo kwenye nyasi,
jeusi, linang'aa jasho letu,
akalifuta vumbi kitakoni.
Hapo ndipo nilipouona:
uso, mdogo kama ukucha,
jicho moja limefumbwa, mdomo wazi,
unangoja mlio.

Sajenti naye aliuona.
Akatazama saa yake.
"Upya," akasema, polepole.