Mwingine

Kwenye dirisha la mochari karani ana fomu
yenye visanduku vinne: mke, mzazi, ndugu, mwingine.
"Cheti cha ndoa?"
Sina.
Kalamu yake inashuka taratibu, kama lifti,
inasimama orofa ya chini kabisa: mwingine.

Musyimi, unasikia huko kwenye baridi?
Miaka kumi na tisa nikikupikia muthokoi,
kumbe nilikuwa mwingine.

Wewe ndiwe uliyesema, tukipita nje ya ofisi ya msajili,
viatu vimejaa tope la Huruma:
"Serikali haikunisaidia kukutongoza,
itanisaidiaje kukupenda?"
Ile ada tukanunulia godoro.
Nilicheka. Na sikukosea kucheka:
jirani yetu Rispa ana cheti ndani ya fremu ya kioo,
muhuri mwekundu, saini mbili,
na usiku wa manane ule muhuri hausikii kitu.

Lakini niambie, tangu lini serikali haitujui?
Ilitujua ilipochora X nyekundu ukutani
na tingatinga likafika kabla ya adhana.
Ilikujua usiku wa msako, ikaniita mimi kituoni:
"Wewe ndiye mkewe? Lipa."
Na yule kijana wa sensa, tochi kifuani,
alikalia ndoo yetu akaandika "mke"
bila hata kuinua kichwa.
Siku ya kutozwa nilikuwa mke.
Siku ya kukuzika naombwa ushahidi.

Dada yako Ndinda ameshafika kutoka Mwingi
na barua ya chifu, na gari, na jeneza.
Hanichukii. Ananiita "yule mama wa Nairobi".
Barua yake ina muhuri.

Sitaki serikali itubariki. Tulikwisha kubarikiwa
na mvua iliyovujia godoro lile
tukasogea upande mmoja, tukalala hivyo hadi Juni.
Nataka tu, pale ilipokwisha kutia mkono wake,
isiuondoe mimi nikiegemea.

Karani ana pete. Ameniangalia kidogo,
kisha, kwa sauti ya chini: "Mama, leta risiti. Yoyote."

Nimerudi na mkebe wa biskuti.
Kodi ya nyumba, "Bw. na Bi. Musyimi", miezi mia mbili na ushei.
Kitabu cha kliniki cha yule mtoto aliyekaa siku nne.
Kadi ya chama. Risiti ya godoro.
Nazipanga kwenye kaunta moja moja,
nanyoosha mikunjo kwa kidole gumba.

Hii ya godoro anaiinua kwenye mwanga.
Wino umefifia.
"Tarehe haisomeki," anasema, mkono uko kwenye pazia.
"Sasa ni saa ya chakula. Rudi saa nane."